Binti Hatoki kwa Gari la Kukodi

Asubuhi ya harusi, mama alipiga marufuku moto nyumba nzima. Petroli ilinuka kuanzia jikoni hadi chumbani kwa bibi harusi, na chai ikabidi ichemshwe kwa jirani.

"Kodi teksi," alimwambia mumewe. "Ukumbini wanatusubiri."

"Binti yangu hatoki hapa kwa gari la kukodi," baba alijibu. "Wewe nilikuleta kwa gari langu hili. Naye ataondoka kwa hili hili."

"Ulinileta? Nililisukuma nusu ya njia, shela begani."

Baba alichukua simu. Alimwita fundi.

Fundi aliingia chumba cha gari kiubavu, sanduku la spana mbele, tumbo likifuata kwa taabu. Gari lilikuwa limefunikwa vitambaa vya kufuma kama kochi la wageni. Baba alivitoa kimoja kimoja, akavikunja.

Chumba kile cha gari alikijenga mwaka jana, maana roho ilimuuma kila likinyeshewa. Na chumba ndicho kilicholeta harusi. Mwashi kijana alipanga tofali polepole, jicho moja kwenye pimamaji, jingine kwa binti aliyemletea maji ya kunywa. Lipu ilipokauka, akaleta posa.

Fundi alifungua boneti. Kabureta ilikuwa inadondoka tone kwa tone, kama mtoto mwenye mafua.

"Lilitembea lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya chumba."

"Basi gasketi imekauka. Gari ni kama sisi, mzee wangu. Ukililaza sana, viungo vinagoma."

Akaweka gasketi mpya. Tone. Akasafisha sindano inayofunga mafuta. Tone. Bibi harusi akachungulia, gauni amelikusanya mikononi lipite mlangoni.

"Baba, wageni wameshakaa."

"Wamekaa kwenye viti au chini?"

"Kwenye viti."

"Basi hawana shida."

Binti akacheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. Alijua baba yake hakulala, alikuwa akiipangusa ile kabureta.

Fundi alichomoa boya, kile kidude cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta, akalitikisa sikioni. Mafuta yalisikika yakicheza ndani.

"Limekunywa," alisema. "Badala ya kuelea linazama, na likizama mafuta hayafungwi. Nipeni maji ya moto."

Jirani alipitisha beseni dirishani. Fundi akalizamisha boya, na uzi wa mapovu madogo ukapanda kutoka tundu lisiloonekana kwa macho. Baba aliinama juu ya beseni kama anayeonyeshwa mjukuu. Fundi akaenda kuliziba kwa lehemu uani kwa jirani, mbali na petroli, akarudi kiubavu vile vile.

Alipomaliza kufunga, mama alitandika leso nyeupe chini ya kabureta. Wakasubiri. Akaiokota, akainusa pande zote mbili.

"Kavu," alisema.

Baba alijifuta uso kwa kitambaa cha gari.

Basi riboni zikafungwa kwenye boneti. Bibi harusi akakalishwa nyuma, mama pembeni yake akipanga gauni lisijikunje. Fundi akapewa kiti cha mbele, maana alistahili. Baba alivaa koti, akapiga stata, na injini ikaitika mara ile ile.

"Wote walisema sitaweza," baba alisema, akimtazama binti kwenye kioo.

"Mimi sikusema, baba."

"Wewe hukusema."

Akawasha taa za mbele, kwa heshima ya siku. Zikamulika ukuta, lipu laini isiyo na ufa hata mmoja. Baba akageuka nyuma ili arudi kinyumenyume. Ukuta. Kulia kulikuwa na dirisha la beseni. Kushoto, kile kimlango kilichomkwangua fundi tumbo.

Injini ilinguruma vizuri sana.

Mama alifungua mkoba, akatoa simu, akampigia bwana harusi.

"Mwanangu, njoo hivyo hivyo na suti yako," alimwambia. "Ila pitia kwako kwanza, uchukue nyundo. Ile kubwa."