Mkanda wa Kondo

Mkanda wa usalama wa marehemu Kondo ulikuwa bado unaning'inia kwenye jukwaa la ghorofa ya nne. Upepo ukipita, kifungo chake cha chuma kiligonga bomba, na Fundi Ngwali alijitia hasikii. Ndiye aliyekuwa akimwuliza Kondo kila asubuhi, "Umekuja kujenga au kubembea, bwana?" Siku moja Kondo aliuvua mkanda, akacheka pamoja na wenzake, akapanda. Hakumaliza hata ndoo moja ya saruji kabla ya kuanguka.

Leo alikuja fundi mgeni, Chande, mtu wa mvi. Aliutungua ule mkanda, akaupangusa vumbi.

"Huu una mwenyewe?"

Mafundi wote walimgeukia Ngwali. Walishaanza kutabasamu, wakimngoja. Usiku kucha alikuwa amejiapiza kwamba atakayeugusa atamwambia: funga, ndugu yangu, funga ukaze. Akafungua kinywa.

"Umekuja kujenga au kubembea, bwana?"

Walicheka mpaka mbao zikatikisika. Chande naye alicheka, kwa haya, akaurudisha mkanda mahali pake na kukanyaga ubao.

Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Kifungo kikaanza kugonga bomba.