Mpwa Kutoka Ng'ambo

Kikombe chenye sumu kilikuwa cha kushoto. Gaspar Arrieta alilirudia neno hilo moyoni kama sala, akivibeba vikombe vyote viwili kutoka jikoni mwa nyumba ya wageni, chokoleti ikifuka mvuke.

Kesho yeye na mgeni wake wangeingia mjini kwao Puebla, na hapo tena hakuna la kufanya. Baba yake, Don Lope, alishamwambia bila kumung'unya: "We ni mwanangu, sikukani. Lakini umezaliwa huku koloni, na jua la huku hulegeza watu. Duka atalishika mpwa wangu Fermín. Yeye kazaliwa Uhispania kama mimi. Na dada yako ataolewa naye."

Miaka kumi na miwili Gaspar ndiye aliyelifungua duka lile na ndiye aliyelifunga. Kisha akatumwa bandarini Veracruz, akampokee mtu aliyekuja kumpokonya.

Mgeni mwenyewe hakumpa sababu ya kumchukia, na hilo lilimuudhi zaidi. Njia nzima alitaniana na waendesha nyumbu, akala pilipili yao bila kukohoa. Asubuhi hii alizikung'uta buti zake kabla ya kuzivaa, nge akadondoka. Gaspar alitamani nge yule angemaliza kazi, yeye abaki na mikono safi.

"Binamu, mbona umenuna?" Fermín alicheka akipokea kikombe. "Kama ni duka, tulia. Mzee akifumba macho, tunagawana nusu kwa nusu."

"Mtu wa ng'ambo hagawi."

"Mkorofi wee! Haya, kwa afya yako."

Mkono wa Gaspar ulinyanyuka wenyewe. Akaurudisha gotini. Fermín akanywa mpaka tone la mwisho.

Walikuwa wakiteremka korongoni Fermín alipoinamia shingo ya nyumbu wake, akateleza, akaanguka. Msafara ulikuwa umetangulia. Kengele za nyumbu zilisikika kwa mbali tu. Gaspar alishuka, akapiga magoti kando yake. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Ni ugonjwa wa matapishi meusi," alisema. Uongo huo alikuwa ameuandaa tangu juzi. "Homa ya bandarini. Imekufuata mpaka huku."

Fermín alitikisa kichwa. Akamshika ukosi wa koti, akamvuta karibu.

"Hapana. Homa ilimchukua yeye... Fermín. Hata wiki mbili hazikutimia tangu ashuke merikebuni. Nilimuuguza mpaka mwisho, ndipo nikavaa nguo zake." Akahema. "Usimwambie mzee, kaka. Mimi nimezaliwa huku huku, kama wewe."