Mchi Mpya

Wake wawili wa Mbaraka walikuwa wakitwanga mahindi kwenye kinu kimoja, mmoja akishusha mchi huku mwenzake akipandisha, bila kusemezana. Mchi wa Mwanaidi, bi mkubwa, ulikuwa umeliwa na miaka kumi na minane ya kutwanga, mwepesi kama ufagio. Aliokuwa nao Sijali ulikuwa mpya, wa mpingo, mzito, na Mbaraka aliuchonga kwa mikono yake siku tatu mfululizo.

Siku tatu! Mimi hata mwiko hajanichongea, aliwaza Mwanaidi. Kila mchi ule ulipotua, aliusikia kifuani.

Basi akavunja mwendo kusudi. Sijali alipokuwa anashusha, naye alishusha wake kwa nguvu zote, ili ule mpya uruke upasuke.

Ukapasuka wake. Mpingo uliendelea kushuka kama haujaguswa, na kipande cha mchi mkongwe kikarukia ukutani. Mikono ya Mwanaidi ilikufa ganzi hadi mabegani.

"Umeumia, bi mkubwa?" Sijali aliuliza. Kisha akamnyooshea mchi wa mpingo. "Shika. Huu alikuchongea wewe. Mchi mpya unachubua, ndiyo maana nikamwambia mume wetu niulainishe kwanza mimi."

Viganja vyake vilijaa malengelenge, mengine yamepasuka.

Mwanaidi aliyatazama. Akayaonea wivu hayo pia. Alinyoosha mikono aupokee mchi, na vidole vikakataa kufumba.