Fan wa Kipa

"Toa kipa!"

Kinyozi alipaza sauti peke yake, na jukwaa zima la wapiga ngoma likageuka kumtazama. Bao moja tu lilikuwa limeingia, tena la mkwaju ambao hata kipa mwenye mikono minne asingeudaka. Kinyozi alikuwa mgeni upande ule wa uwanja. Kofia alikuwa ameivuta hadi kwenye nyusi na haya ilimjaa tele, lakini alikuja na nia moja: yule kipa atolewe leo, na atolewe kwa aibu.

"Mzee, taratibu," alisema mwalimu wa Kiingereza aliyeketi kando yake. Fulana yake alikuwa ameiandika mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, FAN WA KWELI, na mpaka mpira unaanza alishawaeleza watu wa safu nzima maana yake. Sasa akarudia kwa faida ya kinyozi. "Fan si mtazamaji tu. Wenye lugha yao walilikata neno hilo kutoka fanatiki, mtu aliyepandwa na jambo hadi akili zikamruka. Siku hizi hata mpenda chai ni fan wa chai, lakini asili yake ni hiyo. Fan hamzomei mtu wake."

"Hata kama anampenda?"

"Hasa kama anampenda!"

Mshambuliaji wa wageni alikuwa anakuja mbio, kipa akajirusha miguuni pake na kuukumbatia mpira. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kinyozi alikuwa amefumba macho.

"Ameinuka?" aliuliza.

"Ameinuka, chuma kile! Kwani unamjua?"

"Namnyoa."

Mwalimu akamtazama juu hadi chini. "Mtu anakuinamishia kichwa umnyoe, halafu unakuja kumzomea?"

Swali lilimchoma. Jana tu kipa alikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, akimweleza kwa furaha kwamba kocha akiridhika leo atampa lango msimu mzima. Kinyozi aliitikia "vizuri, vizuri," huku mashine ikipita polepole nyuma ya sikio, penye kovu. Sasa alijiona msaliti, na msaliti ndiye aliyekuwa. Akapanda juu ya benchi.

"Toa kipa! Mikono imepakwa sabuni! Toa!"

Mpiga ngoma mmoja akacheka, akalidaka neno lile kwa kijiti chake: toa-kipa, toa-kipa. Wa pili akafuata. Watu ni watu. Timu ikiwa nyuma kwa bao, hawakosi wa kumlaumu. Kabla ya mapumziko uwanja mzima ulikuwa unaimba, isipokuwa mwalimu, aliyewakataza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Kipa aligeuka akatazama jukwaani. Alikuwa mbali, uso hauonekani vizuri, lakini mabega yalishuka. Shuti jepesi lililofuata likampita kwapani. Kocha akainua mkono, na kipa wa akiba akaanza kuvua koti.

Kinyozi akakaa. Hakushangilia. Roho ilimsuta.

"Umefurahi?" mwalimu alimuuliza. "Umemvunja mtu moyo. Nimefundisha Kiingereza miaka nenda miaka rudi, na sijui wana neno gani la kumwita mtu kama wewe."

"Ukilipata niambie," kinyozi alinong'ona. "Nitalivaa mgongoni."

Akateremka, akazunguka nyuma ya jukwaa hadi kwenye mlango wa wachezaji, akaivua kofia na kuisokomeza mfukoni. Alisubiri ukutani mpaka kipa alipotoka, begi begani, macho mekundu. Kipa alimwona, akaja moja kwa moja na kusimama mbele yake.

"Pole," alisema kinyozi.

"Daktari alituambia pigo moja tu jingine la kichwa litanizika, nikamwona mwoga," alisema kipa. "Lakini hawa leo wameniweza. Glavu nimemrudishia kocha, sichezi tena." Akajipangusa uso kwa mkono wa jezi, kisha akamtazama vizuri. "Mbona sauti imekukauka hivyo, baba?"