Kumi kwa Filamu ya Meli

"Kumi," Akiror alisema, na kibanda kizima kikacheka.

Ilikuwa kawaida pale Malaba. Gari la kampuni ya sabuni likija kuonyesha filamu mchana ndani ya ghala tupu la pamba, watazamaji walitoka wakijipangusa jasho, wakaingia kibandani kwa Nabwire kunywa chai na kutoa maksi. Siku hiyo filamu ya ndondi ilikuwa imepata sita. Ya mapenzi ilipata mbili, kwa sababu watu waliimba sana na hawakuoana. Ya stelingi na majambazi, tisa.

Lakini ya meli? Ile fupi ya wachukuzi wakishusha magunia bandarini Mombasa, ambayo watu wa sabuni waliiweka mwisho ili watu watoke ghalani? Hata Wandera, dereva wa lori aliyependa kila filamu, aliipa sufuri.

"Mama Echodu, hiyo si filamu," alisema. "Hakuna ngumi, hakuna stelingi. Gunia inashuka, gunia ingine inashuka. Hiyo si naona kila siku hapa mpakani?"

"Mimi nimeipa kumi."

"Muache," Nabwire alisema akimimina chai. "Hata hiyo tisa yako sijui umetoa wapi. Stelingi gani anapiga bastola na mkono wa kushoto?"

"Kushoto? Ni wa kulia!"

"Kushoto. Nimeona na macho yangu."

"Utaona nini huko nyuma kwa mavumbi? Nunua sabuni, mama, ukae na watu kwa benchi."

Shuka kubwa jeupe lilifungwa katikati ya ghala. Aliyenunua sabuni alikaa kwenye benchi, upande wa mashine. Asiyenunua alizunguka nyuma ya shuka, akaketi sakafuni, na picha ikamfikia kupitia kitambaa. Nabwire na Akiror walikaa huko nyuma siku zote. Maandishi yakitokea kinyume hayakuwasumbua, hawakujua kusoma.

"Sasa kumi ya nini, mama?" Wandera aliuliza.

"Mtoto wangu yuko ndani."

Wandera aliweka kikombe chini.

Echodu alivuka mpaka mwaka wa sabini na tatu kwenda kutafuta kazi Jinja. Hakurudi. Miaka hiyo wanaume wengi walichukuliwa na askari huko ng'ambo ya mpaka, na aliyeuliza aliuliza kwa sauti ya chini. Akiror aliuliza kila dereva aliyepita, mpaka madereva wakaanza kumkwepa. Sasa Olinga, kaka ya marehemu mumewe, alikuwa amechoka. Alitaka ukatwe mgomba, ufungwe shuka, uzikwe mahali pa kijana, kama inavyofanywa kwa mtu asiye na mwili. Mgomba ukishazikwa, hakuna tena anayeulizwa wala anayengojwa.

"Kuna mchukuzi mmoja anageuka, anacheka," Akiror alisema. "Ana kovu shavu la kushoto. Ng'ombe wa plau alimpiga pembe hapo akiwa mdogo, na ni mimi nilikuwa naosha hicho kidonda. Ni Echodu. Hakupotea. Alipita akaenda Mombasa."

Nabwire alimwongezea chai bila kuulizwa.

Habari zilimfikia Olinga kabla ya jua kutua. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Akiror, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi sitaki kuzika mtu aliye hai. Hilo gari likirudi, nitaenda nione. Kama ni yeye, mgomba utabaki shambani."

Gari liliporudi, Olinga alinunua sabuni mbili.

"Mke wa ndugu yangu hawezi kukaa kwa mavumbi siku kama hii," alisema, akampa moja.

Akiror alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza, sabuni mapajani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mashine ikaanza kunguruma nyuma yake, na stelingi akatokea. Akachomoa bastola.

Wandera aliinama kutoka benchi la nyuma. "Haya, Mama Echodu, leo wewe ndio shahidi. Mkono gani?"

Akiror alitazama, akacheka. Alikuwa hajacheka kwa muda mrefu.

"Wa kulia. Mwambie Nabwire aoshe macho na hii sabuni."

"Nilisema!" Wandera alipaza sauti kuelekea kwenye shuka. "Nabwire, umesikia huko?"

Majambazi walikufa. Ikaja meli. Watu walianza kuinuka, kama kawaida, lakini Olinga aligeuka akawakemea, nao wakakaa. Wachukuzi walishuka kwenye ngazi, magunia mabegani, mmoja baada ya mwingine. Akiror alishika benchi kwa mikono miwili.

Mmoja wao akageuka. Akacheka.

Olinga aliruka juu. "Ni yeye! Kovu ndiyo hiyo! Shemeji, ni yeye kabisa! Hakuna mgomba, umesikia? Hakuna mgomba!"

Ghala zima lilipiga makofi, mbele na nyuma ya shuka. "Kumi!" Wandera alipiga kelele. "Hata mimi natoa kumi!"

Akiror hakupiga makofi. Kidole chake kilikuwa shavuni pake, upande wa kushoto, upande ule aliokuwa akiosha kidonda cha Echodu. Macho yake yalikuwa kwenye kovu la yule mchukuzi, shavu la kulia.

"Shemeji," alisema, "kata mgomba."