Sikusikii Vizuri, Shemeji

Mwanakombo alizima feni, akaisukuma simu chini ya kitambaa cha meza, karibu kabisa na kikombe cha mgeni. Mara ya kwanza mgeni huyo alipokuja, aliificha mkobani. Programu ya kugeuza mazungumzo kuwa maandishi ikaandika "chai" na "ndiyo" tu, mengine yote yakamezwa na mvumo wa feni. Wakili akamwambia, "Bila maneno yake, hatuna kesi."

Badi, mdogo wa marehemu mumewe, aliingia, akaketi, akajipangusa jasho.

"Shemeji, joto lote hili umezima feni?"

"Imeharibika," alisema Mwanakombo.

Akammiminia chai. Kisha akamuuliza alilomwitia: siku ile juu ya paa, mumewe alisema nini kabla hajaanguka?

Badi aliinamisha kichwa, akanong'ona jambo. Nje, mkokoteni wa muuza maji ulikuwa ukipita kwa kelele.

"Sikusikii vizuri, shemeji."

Badi akainuka, akafunga dirisha. Akafunga na mlango, akazungusha ufunguo. Mwanakombo alitamani kupiga yowe, lakini akakumbuka alivyoagizwa na wakili, ili simu inase kila neno: mmoja akizungumza, mwingine anyamaze.

Badi alivuta kiti hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Alisema, 'Ndugu yangu, nishike.' Nami nilikuwa nimemshika." Alitamka neno moja moja, wazi kabisa. "Nikamwachia."

Ufunguo ulikuwa bado kiganjani mwake, akiugeuzageuza taratibu.