Kidole Gumba cha Mwenye Duka

Meya wa Pine Hollow alivuka bahari nzima kuja Queensbury, London, kudai aombwe radhi na mwandishi H. Patterson. Alitegemea kumkuta Mmarekani mwenzake, mlevi fulani aliyefukuzwa mjini zamani. Mlango ukafunguliwa na mama wa Kihindi aliyevaa sweta juu ya sari, mikono imejaa unga.

"H. Patterson ni mimi, ni jina la vitabuni tu," alisema Hansa. "Ingia upesi, baridi hiyo."

Ilikuwa mwaka 1972, na riwaya yake ya kwanza, kuhusu mji mdogo wa Marekani, ilikuwa imewachekesha watu Marekani kote. Meya naye alicheka, mpaka alipofika sura ya tatu, akajiona mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Akakitoa kitabu mfukoni na kusoma mashtaka. Mwenyekiti wa kanisa, anayelia kuliko wafiwa huku akikagua nani hakuja. Mwalimu anayeazima gazeti na kulirudisha limekatwakatwa. Na Bwana Hank, mwenye duka, anayebonyeza mizani kwa kidole gumba huku akimuuliza mteja hali ya watoto.

"Umebadilisha majina tu. Kila mtu kwetu amejitambua! Nani aliyekupa siri zetu? Mke wangu?"

"Simtaji mtu."

"Na hiyo stesheni mbele ya duka umeongopa. Kwetu treni haipiti."

Hansa alijimiminia chai.

Meya akaweka karatasi mezani: barua ya kuomba radhi, na chini yake nafasi ya jina la mtoa siri. Mchapishaji alikuwa ameshaogopa kesi. Bila sahihi, vitabu vyote vingesagwa Ijumaa viwe karatasi upya.

Hansa aliitazama ile karatasi. Miaka minne aliandika alfajiri, kabla ya kupanda treni kwenda kupiga taipu ofisini Stratford, na sasa kazi yote ingeishia kufungia watu chipsi. Roho ilimuuma sana. Lakini hasira ilimzidi.

"Mheshimiwa, na visagwe. Nitaandika kingine, na hicho utakuwemo."

Akaichana barua vipande viwili. Meya akawa mwekundu mpaka masikioni.

Mara mlango ukasukumwa. Aliingia Mahendra, jirani wa mtaa wa pili, aliyekuwa na mwezi mmoja tu London na masanduku yake bado hayajafunguliwa yote. Mkononi alishika kitabu kile kile. Hakumsalimu Meya wala kumtazama.

"Hansaben, dada yangu! Umenivika kofia ya kikauboi, ukaniita Hank, ukadhani sitajijua?" Akainua kidole gumba. "Na stesheni ya Korogwe umeiacha pale pale, mbele ya duka langu!"